Nzilo: bobini kubwa ao bobini ndogo?

Tulifika Nzilo asubuhi na pikipiki mbili. Ya kwanza ilitubeba sisi. Ya pili ilibeba kijana aliyekumbatia sahani nyeusi ya plastiki, upana wake karibu sawa na sinia ya kuwekea bukari ya watu sita. Njiani, tangu Kolwezi, watoto walimpigia kelele: « Papa, televizio iko wapi? » Haikuwa antena. Ilikuwa bobini ya detekteri ya madini, na ndani ya ile sahani kulikuwa minerval ya watoto wawili, falanga za cherehani iliyouzwa, na akiba ya watu wanne waliochoka kushuka kwenye mashimo ya cobalt.

Hadithi yao ni fupi, na wasomaji wengi wataitambua juu ya wameisikia kwa jirani ao nyumbani kwao. Wale wanne walichanga pamoja wakanunua detekteri iliyotumika kidogo. Ilikuja na bobini moja ya sentimeta 28. Muuzaji alikuwa na nyingine ya sentimeta 46, bei nguvu, akawaambia kwamba ile kubwa inafika chini zaidi. Wakafikiri kama wachimbaji: shimo la kwetu linashuka metre 20, mpaka 30, basi tununue ile yenye kwenda chini. Wakakopa tena ili waongeze ile kubwa. Kiisha wakaenda Nzilo, ambako watu wanasema kuna dhahabu kati ya mawe ya zamani. Siku tatu mashini ililia bila kunyamaza. Walichimba kila fasi ilipolia, wakatoa misumari, kipande cha bati, na mawe mekundu. Siku ya nne walikuja kutuuliza kama wameibiwa.

Hatukuwa na jibu pale pale. Tuliomba wachukue bobini zote mbili, tukaenda nao, tukakaa siku mbili kando ya ziwa tukizijaribu moja kisha nyingine. Tunayoandika hapa yanatoka kwenye zile siku mbili, na kwa yale ambayo mafundi wa hizi mashini wanayajua tangu zamani.

Kwanza, bobini ni nini? Ndani ya ile sahani kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, basi. Mashini inapitisha umeme ndani ya waya, waya unatoa nguvu ya sumaku inayoshuka kwenye udongo. Ikikuta chuma, dhahabu, shaba iliyo safi ao plomb, umeme mdogo unazunguka ndani ya kile kipande, nacho kinarudisha sumaku yake kidogo. Bobini inasikia ile ya kurudi. Kwa hiyo sahani ni mdomo na sikio kwa wakati mmoja. Sanduku lenye vifungo ni akili. Akili ikiwa nzuri na sikio halifai kwa fasi uliyopo, hautapata kitu.

Na hapa tuseme neno ambalo muuzaji hakuwaambia wale vijana, neno kubwa kuliko yote kwa familia za Kolwezi: hakuna bobini, kubwa ao ndogo, inayosikia minerai yetu. Tulilaza chini kipande cha malachite ya kijani, kizuri, kizito. Kimya. Tukaweka heterogenite nyeusi, ile cobalt inayojaza mifuko kwenye dépôt. Kimya. Tukaweka cassiterite. Kimya kabisa, kwa bobini zote mbili. Cobalt na shaba ziko ndani, lakini zimefungwa na oksijeni na vitu vingine. Umeme haupiti ndani yake vya kutosha kuzunguka na kujibu. Detekteri inasikia metali iliyo huru, si jiwe lenye metali ndani. Kama kazi yako ni cobalt, falanga za detekteri nunua kamba nzuri, kofia ngumu na mashini ya kuingiza hewa kwenye shimo. Tunajua kuna watu kwenye soko wanaoonyesha detekteri ikilia juu ya mfuko wa heterogenite. Angalieni vizuri chini ya ule mfuko.

Kwa nini basi watu wanaleta detekteri Nzilo? Juu ya mawe hapa yanabadilika. Kolwezi, Kamoto, Mutoshi, zote ziko juu ya mawe ya Katanga yenye shaba na cobalt. Ukipanda kaskazini kwenye makorongo ya Lualaba unaingia kwenye mawe ya zamani zaidi, yale wataalamu wanayaita ya Kibara. Ule mkanda wa mawe unatoka kwetu Katanga, unapita Manono na Maniema, unaenda mpaka Kivu, Rwanda na Karagwe kule Tanzania. Na katika njia yake yote kuna bati, wolfram, koltan na, fasi fasi, dhahabu. Dhahabu si kigeni hata pembeni ya Kolwezi: Ruwe, ambayo leo tunaiita Mutoshi, wazungu wa Tanganyika Concessions walitoa dhahabu kule mwanzoni mwa karne ya 20, kabla shaba ya Kolwezi haijapata jina. Kwa hiyo wale wanaotafuta hawana wazimu. Lakini kutoka « fasi fasi » mpaka « chini ya miguu yako » ni mbali.

Turudi kwenye bobini. Muuzaji alisema kubwa inafika chini zaidi. Alisema kweli nusu. Tulichimba shimo mpaka kwenye paja, tukafukia jembe la zamani lisilo na mpini. Bobini kubwa ilipita juu yake ikalia vizuri. Ile ndogo ilitoa sauti ya kudunda tu, ambayo mtu mwenye haraka angeipita. Vijana wakatutazama kwa macho ya kusema: mnaona? Kiisha tukaomba kwa mvuvi vipande vya plomb za wavu. Plomb inajibu kwenye detekteri karibu kama dhahabu ndogo, njo sababu wenye kazi hii wanaitumia kujaribia. Tukakata kipande kadiri ya punje ya mchele, tukakiweka juu ya udongo, wazi kabisa, jicho linakiona. Bobini kubwa ikapita. Hakuna. Ikapita tena, karibu igusane nacho. Hakuna. Ile ndogo ikakisikia, na hata tulipokifunika na udongo wa vidole vinne ilikisikia bado.

Njo hivi: bobini kubwa inamwaga sumaku yake kwenye eneo kubwa. Kitu kikubwa kilicho mbali kinapata sehemu ya kutosha na kinajibu kwa nguvu. Punje ndogo inapata kijiko kimoja cha mvua ile, jibu lake ni dogo, linapotea kati ya kelele za udongo. Bobini ndogo inakusanya nguvu fasi moja. Sasa jiulize dhahabu yako ina ukubwa gani. Kama jembe? Wachimbaji wa Chunya kule Tanzania, ao wa Karamoja kule Uganda, ambako detekteri zimezoeleka, wanaishi kwa vipande vidogo. Kile kikubwa ni hadithi ya kusimulia miaka. Mtu anayenunua bobini ya sentimeta 46 peke yake ameweka falanga zake zote kwenye ile hadithi.

Na kuhusu kina: tusidanganyane. Kwa kitu kidogo kama pete, kanuni ya watu wa kazi ni kwamba bobini inasikia mpaka kina kinachokaribia upana wake yenyewe, kama udongo ni mtulivu. (Vitabu vya wazungu vinapima na sarafu. Sisi Wakongo hatuna tena sarafu mfukoni, mama mmoja wa pale alituazima pete yake, na hakutuacha macho mpaka tulipoirudisha.) Ukiwa mbali na bobini kupita ule upana, kila mara unapoongeza umbali mara mbili, jibu linapungua karibu mara 64, juu sumaku inadhoofika ikienda na inadhoofika tena ikirudi. Mara 64! Hakuna betri wala ufundi unaoshinda hesabu hiyo. Kwa hiyo bobini yenye upana mara mbili haikupi kina mara mbili, inakupa kidogo zaidi, tena kwa vitu vikubwa. Atakayekuambia detekteri yake ya mkono inaona dhahabu metre 10 chini, muulize kwa nini bado anauza detekteri.

Shimo la metre 20, detekteri haliioni kutoka juu. Unaweza kushuka nayo ukapima ukuta, ao, hii ni bora zaidi, kupima udongo unaotoka, ndoo moja moja, ukiwa umeumwaga na kuutandaza. Kwa kazi hiyo bobini ndogo inashinda. Kubwa haigeuki ndani ya galerie, na inasikia pelle ya mwenzako mbele ya kusikia kitu kingine.

Lakini yote hayo hayakueleza kilio cha siku tatu. Kile kilitoka kwenye fasi yenyewe.

Nzilo siyo fasi ya kawaida kwa mashini inayosikiliza sumaku. Barrage hii, ambayo wakati wa wakoloni iliitwa Delcommune, inatoa umeme tangu miaka ya 1950, na umeme ule unaondoka kwa nyaya kubwa kuelekea migodi. Nyaya zinanguruma saa zote. Sikio lako halisikii sana, la detekteri linasikia. Na bobini kubwa ni antena kubwa. Watoto wa njiani hawakukosea sana. Tulipowasha mashini mita chache kutoka kwenye laini, ile ya sentimeta 46 ilipiga yowe. Tulifungua ndogo, tukaifunga, sauti ikashuka ikawa mapigo mapigo ambayo mtu anaweza kuyavumilia. Tukatembea mpaka nguzo zikawa ndogo nyuma yetu, kubwa nayo ikatulia, si kabisa. Wale vijana walikuwa wameweka kambi yao chini ya laini, juu kulikuwa njia safi isiyo na miti. Siku tatu walichimba kelele za umeme.

Tena wasogee kule kwa sababu nyingine. Karibu na barrage, na nguzo, na kebo zilizofukiwa, hakuna anayeruhusiwa kuchimba, na kebo iliyo hai haina huruma. Detekteri inalia vizuri sana juu ya kebo. Ukipata sauti inayoendelea mbele na nyuma kwenye mstari, ondoka.

Sababu ya pili ilikuwa chini ya miguu. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi. Yale mawe mekundu mazito waliyoyatoa ni laterite. Mengine yanaita kama metali kabisa. Na kuna jambo ambalo hatukulijua mpaka mwenye kuchoma makala alipotuonyesha fasi za tanuru zake za zamani: pale detekteri inapagawa. Moto mkali unageuza chuma cha udongo kikawa na sumaku zaidi. Kwenye mwitu wetu, ambako makala yanachomwa kila upande, fasi za namna hiyo ni nyingi. Ukiona udongo umeiva, mwekundu-mweusi na vumbi la makala, na mashini inalia kwa duara lote, usichimbe, umekuta jiko la mtu.

Hapa njo linakuja swali la pili la bobini, ambalo watu hawaulizi juu ya halionekani kwa nje: waya umezungushwa namna gani? Bobini mbili za ukubwa mmoja zinaweza kuwa tofauti kabisa. Kuna ile ya waya mmoja unaosema na kusikia, wanaiita mono. Nguvu yake inashuka kama funeli, pana juu, nyembamba chini. Inasikia mbali, inasikia vidogo, na inasikia pia kila uovu wa udongo. Kuna ile ya nyaya mbili zenye sura ya herufi D, zimepandana kidogo katikati, wanaiita DD. Hii nguvu yake inashuka kama ubao wa panga kutoka mbele mpaka nyuma ya sahani. Inapoteza kidogo ya kina, lakini inafuta sehemu kubwa ya kelele za udongo wenye chuma, na kwenye mashini nyingi inasaidia kutenga msumari na kitu cha maana. Kuna ya tatu, waya mdogo ndani ya mkubwa, inayokuja na detekteri nyingi za bei rahisi. Kwenye udongo mtulivu inafanya vizuri, kwenye laterite inateseka.

Ile kubwa ya wale vijana ilikuwa mono. Ile ndogo ilikuwa DD. Kwa maneno mengine, walilipa falanga nyingi ili watoke kwenye bobini iliyofaa Nzilo wakaingia kwenye ile isiyofaa. Tulipowaeleza hivyo, mmoja alicheka, wengine hapana.

Tusije tukasema mono ni mbaya. Kwenye mchanga mweupe wa quartzite mbali na laini, ambako udongo hauna chuma kingi, mono ya kadiri, sentimeta 25 ao 28, tungeichagua sisi wenyewe. Na bobini kubwa ina kazi yake: eneo pana, wazi, ambalo tayari limetoa vipande vinene, na mtu mwenye mkono wa nguvu. Maana uzito ni jambo lingine. Kwa saa moja sahani kubwa haisumbui. Saa ya nne bega linaanza kuinua bobini kutoka kwenye udongo bila wewe kujua, na sentimeta tano za hewa ni sentimeta tano zilizotolewa kwenye kina ulicholipia. Yule kijana wa pikipiki ana miaka 20 na kitu na alikuwa akibadilisha mkono kabla ya saa sita.

Sura pia: sahani ndefu ya yai inaingia kati ya mawe na mizizi kuliko ya mviringo. Kwenye makorongo ya Lualaba, ambako dhahabu kama ipo itajificha kwenye nyufa za mwamba, bobini ya yai ya sentimeta 25 kwa 15 ingefanya kazi ambayo sahani ya bukari haiwezi hata kuianza. Mashini kama Gold Monster 1000 ya Minelab inauzwa na ile ya yai ya kipimo hicho na nyingine ya mviringo ya sentimeta 13 ndani ya katoni moja. Wenye kuitengeneza wanajua ni kwa nani wanauza. Ile GPX 6000, ya bei nguvu sana, inakuja na mono ya sentimeta 28 na DD ya 36. Hata kwenye mashini ya kitajiri, bobini ya kwanza ni ya kadiri.

Sasa kwa anayerudi kutafuta karibu na Kolwezi yenyewe, kwenye udongo uliopinduliwa na Gécamines miaka na miaka, tunasema wazi: bobini ndogo ya DD ao usiende. Kule chini kuna misumari, bolti, meno ya mashini za kutobolea, waya wa baruti. Bobini kubwa inayasikia kumi kwa mara moja na kuyafanya sauti moja. Ndogo inayatenganisha. Na kuna vyuma vingine. Mwezi wa tano 1978 Kolwezi ilipigwa vita, wazee wetu wanakumbuka, na vitu vya vita vinaweza kukaa ndani ya udongo miaka mingi bila kufa. Maganda ya risasi utayapata. Lakini sauti nzito, pana, ya chuma kikubwa kilicho chini kidogo, usiifuate na mtarimbo. Chimba pembeni kwa mkono, polepole, na ukiona chuma cha mviringo chenye mkia ao ncha, acha, weka alama, ita wakubwa. Watoto wanapenda kufuata detekteri. Wawe mbali wakati unapochimba.

Jambo lingine linalolia vizuri sana ni misalaba ya shaba ya mababu. Ile ni metali safi, iliyeyushwa hapa hapa Katanga kabla wazungu hawajafika, na kwenye makaburi ya Sanga, ukifuata Lualaba chini mpaka kwenye maziwa ya Upemba, wataalamu wameikuta imelazwa pamoja na wafu. Ukiipata usiipeleke kwa mununuzi wa vyuma kwa kilo. Ni mali ya inchi, sheria inasema hivyo, na tena ni mkono wa babu yako.

Wengi wameuliza kuhusu kununua, basi tuseme tuliyoyaona.

Bobini inazungushiwa mashini yake. Fishi kuingia haina maana kwamba itafanya kazi, na kwenye mashini za karibuni kuna kidude ndani ya bobini ambacho sanduku linakitambua. Kikikosekana, mashini inakataa. Kwa hiyo usinunue bobini peke yake kwa maneno. Leta mashini, funga, washa, jaribu palepale, mbali na duka kidogo, juu ya udongo siyo juu ya sima yenye nondo. Kuwa na plomb yako mfukoni: moja kadiri ya punje ya mchele, moja kadiri ya haragwe. Muuzaji akileta kipande chake cha kujaribia, mshukuru, kisha tumia chako. Gonga sahani na kidole. Ikilia kila unapoigonga, waya ndani umelegea ao umepasuka. Tikisa kebo pale inapoingia kwenye sahani, sauti isibadilike. Fungua kile kifuniko cha chini: mara nyingi udongo mwekundu umejaa ndani, na mashini inausikia huo muda wote. Tulifungua cha wale vijana, tukatoa udongo unaojaza mikono miwili. Kilio kikapungua mara moja. Hiyo haikuomba falanga hata moja.

Kuna pia bandia. Wakati Sudan ilipoingia kwenye mbio za dhahabu, tangu karibu 2009 na miaka iliyofuata, detekteri za Minelab ziliuzwa kule kwa wingi, na nakala za bandia zikafuata nyuma, hata ile kampuni ya Australia ikasema wazi kwamba zinaharibu soko lake. Zile nakala hazikubaki Sudan. Bandia inawaka, inalia, taa zake ni nzuri. Kwenye punje ya plomb njo inaonyesha uso wake.

Na maji: sahani nyingi zinavumilia maji, sanduku mara nyingi hapana. Kando ya ziwa Nzilo tulimwona mmoja wetu anaingia mpaka kwenye magoti na sanduku likining'inia kiunoni. Tulimrudisha. Kando ya ziwa, zaidi ya hayo, plomb za wavuvi ni nyingi kwenye mchanga, na zinalia kama dhahabu. Siku ya pili tulipata tatu. Ya kwanza ilifanya mioyo yetu yote idunde, tusijifanye.

Kuhusu dhahabu ya unga, ile ya kwenye mchanga wa mto: hakuna bobini inayoisikia. Karai na maji. Mama mwenye karai na macho mazuri anapata pale ambapo detekteri ya bei ya pikipiki mbili inanyamaza.

Neno la karatasi, haraka. Detekteri haimpi mtu ruhusa. Tangu Code ya madini ilipogeuzwa 2018, mchimbaji wa mkono anapashwa kuwa na karti yake na kuwa ndani ya koperative iliyokubaliwa, na kuchimba ndani ya zone iliyowekwa kwa kazi hiyo. Mtu wa SAEMAPE anaweza kukuambia zone iko wapi. Muulize kabla ya kununua, siyo baada, juu kama fasi unayoifikiria haiko ndani ya zone, hesabu ya bobini imeisha pale pale.

Siku ya pili jioni tulikaa na wale wanne tukapiga hesabu pamoja nao. Mashini ni nzima, si bandia. Bobini ya sentimeta 28 inafaa. Waliamua wawili wabaki na mashini na ile ndogo, wahame mbali na laini, wafanye kazi kwenye quartzite na kwenye udongo unaotoka kwenye mitaro ya wenzao wa koperative, ndoo kwa ndoo, kwa mwezi mmoja, kiisha waangalie. Wawili warudi kwenye cobalt ili nyumbani pasikauke. Kwa zile siku mbili pamoja nasi tulipata misumari isiyohesabika, plomb tatu, kishikio cha sufuria. Dhahabu, hapana.

Sahani kubwa ilirudi Kolwezi kwenye pikipiki ile ile. Muuzaji alikataa kuichukua tena. Kwa sasa imetundikwa kwenye ukuta wa jikoni la mama wa yule kijana, imefunikwa na kitenge ili moshi usiingie kwenye fishi, inangoja mtu mwenye eneo pana, udongo mtulivu na bega la nguvu. Bibi yake kijana ameandika bei kwa chaki pembeni: ni ile ile ya minerval ya wale watoto wawili, hakuongeza, hakupunguza.